Wimbi Lililomfuata Masikio

Mjini walimwita Masikio, na jina hilo alilipenda kwa muda mrefu kabla halijaanza kumchoma. Alilipata kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mwendeshaji wa lile dishi kubwa jeupe lililosimama peke yake kwenye uwanda mkavu nje ya mji, na watu waliamini kwamba anashinda kutwa na vidude vya sauti kichwani, akisikiliza nyota zinasema nini.

"Masikio, leo huko juu kuna habari gani?" kinyozi wake alimwuliza kila alipokwenda kunyolewa.

"Wanakusalimu," alijibu, "wanasema upunguze bei." Na waliokuwa wakisubiri zamu wakaangua kicheko.

Ukweli ni kwamba pale kituoni hakuna aliyesikiliza kitu. Nyota na mawingu ya gesi ya angani hutoa mwanga tunaouona, lakini hutoa pia mawimbi ya redio ambayo jicho haliyaoni. Dishi liliyakinga mawimbi hayo kama beseni linavyokinga mvua, na uso wake uliopinda ukayarudisha yote mahali pamoja, kwenye kipokezi kilichoshikiliwa juu mbele yake. Kipokezi chenyewe kilipozwa kwa baridi ambayo jokofu la nyumbani haliwezi hata kuiota, kisije kikachanganya joto lake na kile kinachotoka mbali. Kutoka hapo waya ziliteremsha kila kitu hadi kwenye kompyuta, na kompyuta ikachora mistari. Masikio aliitazama mistari hiyo, na akalielekeza dishi huku na huku kadiri watafiti walivyoomba. Kazi ya macho na vidole. Masikio hayakuhusika kabisa, lakini hakuona sababu ya kuwaharibia watu wa kinyozi utamu.

Jambo moja tu alilisema bila mzaha, kwa kila mgeni. Mawimbi yanayotoka angani ni dhaifu mno. Simu moja ya mkononi ikiachwa mwezini imewashwa, dishi lingeiona inawaka kuliko karibu kila kitu kingine kilichoko huko juu. Kwa hiyo simu zote ziliachwa getini. Magari ya petroli hayakupita, kwa kuwa cheche za plagi zake hutoa mawimbi. Jikoni walipasha chakula kwa gesi. Waliokuwa juu ya dishi waliongea na chumba cha mitambo kwa simu za waya zenye kengele, na chumba chenyewe kilizungushiwa wavu wa chuma ukutani ili kompyuta zisivujishe kelele zake nje.

Mambo yalianza kwenda kombo Masikio alipoanza kutosikia.

Hayakuja kwa kishindo. Kwanza alipoteza ndege wa asubuhi, halafu akaanza kupoteza mwisho wa maneno ya watu. Akajifunza kutikisa kichwa, kucheka wengine wanapocheka, na kusema "ndiyo, ndiyo" mahali panapoelekea kutaka ndiyo. Nyumbani mkewe, mshonaji aliyekuwa na cherehani yake barazani, alivumilia hadi uvumilivu ukamwishia.

"Baba watoto, unaitikia mambo usiyoyasikia," alimwambia. "Jana umemkubalia jirani aje kufuga bata uani kwetu. Bata, baba watoto! Mimi ndiye nitakayewafukuza kwenye vitambaa vya watu?"

Akamshika mkono, akampeleka hospitali. Daktari alimpima, akampa vifaa viwili vidogo vya kukaa nyuma ya masikio, vyenye rangi ya ngozi yake, na kikopo cha bati cha kuvitunzia. Alimweleza kwamba ni vya kisasa: vyenyewe kwa vyenyewe vinaongea bila waya ili visaidiane, na vinaweza kuongea na simu pia. Maneno hayo yote Masikio aliyasikia vizuri kabisa, kwa kuwa tayari alikuwa amevaa. Lakini alikuwa anajitazama kwenye kioo cha ukutani, akigeuza kichwa kushoto na kulia, na swali lililomshughulisha lilikuwa moja tu: vinaonekana?

Aliacha nywele zikue, akamdanganya kinyozi kwamba mkewe anazipenda hivyo. Kituoni hakumwambia mtu. Aliona haya. Mtu anayeitwa Masikio, kisha awe kiziwi? Mji mzima ungemcheka hadi kaburini. Kila asubuhi aliiacha simu yake getini kama wenzake, akapita na vile viwili nyuma ya masikio, vimefunikwa na nywele. Angejiuliza swali dogo tu, yeye aliyewahubiria wageni wote habari za simu mwezini, angepata jibu kabla hajafika mlangoni. Hakujiuliza. Kile anachokionea mtu haya hakiangalii sana.

Wakati huo alikuja mtafiti mmoja, mwanamke kijana aliyekuwa ametoka kupata udaktari wake wa fizikia, na wote wakamwita Dokta. Alipewa majuma kadhaa ya kutumia dishi mchana, maana mawimbi ya redio hayasubiri giza. Alitafuta mabaki ya nyota iliyokufa, donge zito linalozunguka kwa kasi na kutupa mapigo ya mawimbi kila linapogeuka, kama taa ya mnara. Alizungumza polepole na alimheshimu Masikio kama baba yake mdogo.

"Mzee wangu, njoo uone hili," alimwita siku moja.

Kwenye skrini, katikati ya mistari iliyorekodiwa asubuhi hiyo, ulisimama mstari mkali usiotakiwa. Ukakaa kidogo, ukapotea, ukarudi.

"Labda ndiyo nyota yako," Masikio alisema.

"Ningefurahi. Hebu lisogeze dishi pembeni, mbali na nyota."

Alilisogeza. Baadaye alitoka nje kulitazama, na aliporudi mstari ule ulikuwa umejichora vilevile.

"Umeona? Kingekuwa kitu cha angani, kingetoweka tulipoangalia pengine," Dokta alisema. "Na pigo lililotoka mbali kweli linafika limechelewachelewa, masafa ya juu yakitangulia na ya chini yakifuata, kwa sababu limepenya gesi njia nzima. Hili linafika lote kwa pamoja. Hili limezaliwa hapahapa, mzee wangu. Kuna mtu ana kifaa."

Mstari uliendelea kuja na kwenda kwa siku nyingi. Kila Masikio alipokuwa ndani ya chumba chenye wavu wa chuma, skrini ilitulia. Kila alipotoka nje kulitazama dishi kwa macho yake, kama alivyozoea, mstari ulijitokeza. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, maana aliyekuwa nje hakuiona skrini. Dokta alitupa kazi ya juma zima, kisha ya juma lililofuata. Mkuu wa kituo, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimwita Masikio.

"Wewe ndiye unayekijua kituo hiki kila kona," alimwambia. "Chukua antena ya mkono, ukanitafutie huyo mtu."

Antena ile ilikuwa kama mfupa wa samaki, na kisanduku chake kilikuwa na mshale wa kuonyesha nguvu ya mawimbi. Masikio alizunguka nayo kama askari aliyepewa cheo kipya. Popote alipofika mshale ulitikisika. Jikoni, mbele ya sufuria kubwa zilizopangwa ukutani, ulipanda. Akawapekua wapishi hadi kwenye aproni zao. Kwenye bohari, mbele ya mapipa ya mafuta, ukapanda tena. Akamwamuru Spana, fundi wa dishi, amwage kisanduku chake chote cha vifaa chini.

"Mzee, unatafuta redio au unatafuta mke?" Spana alimwuliza, akiokota nati mojamoja.

Lakini hakuna mahali mshale uliporuka kama mbele ya kibanda cha mlinzi getini. Kibanda kile kilikuwa cha mabati mapya, juu, nyuma na pembeni, na mshale ulikwenda mwisho ukagonga.

Mlinzi na Masikio walikuwa marafiki tangu vijana. Waliingia kazini pamoja, wake zao walisaidiana kulea, na mlinzi alimwita kaka ingawa hawakuzaliwa tumbo moja.

"Kaka, nipekue tu," mlinzi alisema, akicheka. "Ukikuta nyota mfukoni mwangu, tugawane."

Kwenye mkoba wake, chini ya chupa ya chai, kulikuwa na redio ndogo ya betri. Mlinzi akaacha kucheka.

"Ni ya mpira tu, siku za mechi. Hii inapokea, kaka, haitoi kitu. Si wewe uliyenifundisha hivyo?"

Ni kweli, alikuwa amemfundisha yeye. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama pembeni, Dokta nyuma yake, na wote walimtazama Masikio wakisubiri neno la mtu anayejua.

"Redio ikizeeka huvujisha mawimbi kidogo," Masikio alisema. Na hilo nalo lilikuwa kweli, kidogo. "Na mshale umesema hapa."

Mlinzi alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe. Hakujitetea tena. Mkuu alimwambia arudi nyumbani hadi uamuzi utolewe, na yeye akavua kofia ya kazi, akaiweka juu ya kiti, akaondoka kwa miguu.

Mchana huohuo Masikio aliingia uwandani na antena, mbali na majengo, ili ahakikishe kwamba sasa kumetakata. Hapakuwa na bati wala sufuria, ni nyasi kavu na mawe tu. Mshale haukugonga mwisho kama getini, lakini haukulala pia: ulisimama juu kidogo, palepale. Akageuka mashariki, ukabaki juu. Akageuka magharibi, vivyo hivyo. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na kama ilivyokuwa kawaida yake akivuka jua kali, alivitoa vile vifaa viwili nyuma ya masikio visije vikaharibika, akavitia kwenye kikopo chake cha bati, akafunga kifuniko.

Mshale ukaanguka.

Alidhani kisanduku kimekufa betri. Akakitikisa. Akafungua kikopo, mshale ukapanda. Akakifunga, ukaanguka. Akarudia tena na tena kama mtu anayefungua mlango wa chumba akitumaini mara hii maiti haitakuwemo. Kisha akaketi chini, kwenye mawe, na joto la uso wake halikuwa la jua. Sasa aliyaona yote. Mabati ya kibanda yalikuwa yamemrudishia mawimbi yake mwenyewe, kama uso wa dishi unavyoyarudisha mawimbi ya nyota, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi iliyomlisha maisha yake yote. Sufuria za jikoni, mapipa ya bohari: kila mahali alikuwa akijitafuta, na kila mahali akijikuta, na kila mara akimnyooshea kidole mtu mwingine.

Alirudi ameshaazimia kusema. Naapa alikuwa ameazimia. Lakini alipofungua mlango wa chumba cha mitambo aliwakuta wote wamekusanyika mbele ya skrini safi, na Mkuu akageuka, midomo yake ikasema kitu, na viganja vya watu vikaanza kukutana. Vifaa vilikuwa kwenye kikopo, mfukoni. Makofi yalimfikia kwa mbali, kama yanapigwa chini ya blanketi. Dokta alimkumbatia. Masikio akatabasamu.

Tangu siku hiyo alifanya kazi bila vifaa. Asubuhi alivifungia kwenye kikopo nyumbani, jioni akavivaa ili mkewe asiulize. Mstari haukuonekana tena, na kadiri ulivyokosa kuonekana ndivyo hatia ya mlinzi ilivyozidi kuthibitika. Alipoondoka, kelele ziliondoka. Ni nani angehitaji ushahidi mwingine?

Siku moja sokoni alikutana na mke wa mlinzi, anachagua nyanya zilizopondeka ambazo wauzaji huzitenga. Mama yule alimchangamkia kama zamani.

"Shemeji, utuombee kwa huyo mkuu wenu. Wewe anakusikiliza. Mwenzako halali, anasema hata kama alikosea kuingia na redio, hilo la kuharibu kazi ya watu halimo moyoni mwake."

"Nitajitahidi, shemeji," alisema, na macho yake akayapeleka kwenye vitunguu. Alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale na kikapu chake. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akitunga maneno ya kumwambia Mkuu, na kila alipoyafikisha mwisho aliyaona yale makofi, akayaacha.

Asubuhi iliyomtoa gizani ilikuwa ya kawaida tu. Spana alikuwa amepanda kwenye dishi kupaka grisi kwenye meno ya gurudumu linaloliinamisha. Sheria ilikuwa kwamba dishi halisogei hadi aliye juu apige simu ya waya aruhusu. Kengele ililia, na kwa kuwa taa yake nyekundu huwaka pia, Masikio aliiona, akainua mkono wa simu. Sauti ya Spana ilikuwa ukungu mtupu.

"Ndiyo, ndiyo," Masikio alisema, akabonyeza.

Dishi likaanza kuinama. Aliona Dokta akiruka kutoka kwenye kiti, mdomo wazi, na kiganja chake kikishuka kwenye kitufe chekundu cha dharura. Mitambo ikakwama. Nje, ngazi ya Spana ilikuwa chini imepinda, na Spana mwenyewe alikuwa ananing'inia kwenye chuma cha ukingo wa dishi kwa mkono mmoja. Walimshusha taratibu. Bega lilikuwa limeteguka. Mengine, kwa bahati, yalikuwa mazima.

Gari lilipompeleka hospitali, Mkuu alisimama katikati ya chumba. Masikio alikuwa ameinamia meza, mgongo kwake.

"Alikwambia nini kwenye simu?" Mkuu aliuliza.

Masikio hakugeuka.

"Nakuuliza wewe. Alikwambia nini?"

Bado hakugeuka. Dokta alikuwa akimtazama, na pole pole uso wake ukabadilika. Akazunguka meza, akasimama mbele ya Masikio ili amwone midomo.

"Alisema bado, mzee wangu," alisema. "'Bado, usiguse.' Hata mimi nilimsikia nikiwa kule kwangu."

Masikio alimwomba Mkuu ruhusa ya kwenda nyumbani mara moja. Alirudi na kikopo cha bati mkononi na mkewe ubavuni, kwa kuwa mama watoto alipomwona ameingia na kutoka bila kusema, aliacha cherehani na kumfuata. Akakiweka kikopo mezani, akakifungua, akavaa vifaa mbele yao, nywele amezisukuma nyuma.

"Washeni skrini, halafu mimi nitoke nje," alisema.

Alitoka akasimama juani. Alipoingia tena wote walikuwa wameinamia skrini. Mstari ulikuwa umejichora, mkali kama zamani.

"Kwa hiyo mlinzi..." Dokta alianza.

"Hakuwa yeye. Kile kibanda kilinirudishia mawimbi yangu."

"Ulijua lini?" aliuliza Mkuu.

"Siku mliyonipigia makofi. Nilijua kabla hamjaanza kupiga."

Mkewe alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akajifunika uso kwa kanga. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililomkata Masikio zaidi.

Alikwenda kwa mlinzi jioni hiyohiyo, peke yake, kwa kuwa mkewe alikataa kumsindikiza. "Ulikwenda peke yako ulipomsingizia," alimwambia. Mlinzi alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha ndani. Masikio aliyaeleza yote, hata ya sokoni.

"Kwa hiyo husikii," mlinzi alisema mwishowe.

"Sisikii vizuri."

"Tangu lini?"

"Muda sasa."

"Nilikuwa nakusalimia getini hujibu, unapita tu. Nikamwambia mke wangu, kaka ameanza kuringa. Nikasema, basi, amekuwa mkubwa, ndiyo dunia." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, akasahau kwamba ni ya chini mno, hata Masikio akalazimika kusogea: "Ungeniambia mimi, ningekutunzia siri. Ningekugusa bega kila mtu anapokuita. Wewe ukaona afadhali niwe mwizi wa mawimbi."

Hakumpa mkono. Masikio naye hakuthubutu kuunyoosha wake.

Mlinzi alirudishwa kazini na Mkuu akamwomba radhi mbele ya wote. Dokta aliongezewa majuma, na mapigo ya nyota yake akayapata. Spana alipona, ila tangu siku hiyo, kabla hajapanda, anauliza nani yuko mezani. Masikio aliondolewa kwenye mitambo. Mkuu hakumfukuza, alimpeleka kwenye ukumbi wa wageni ulioko mjini, mbali na dishi, ambako mtu anaweza kuvaa chochote masikioni. Huko anawaeleza wanafunzi jinsi mawimbi yanavyokingwa, jinsi unavyolisogeza dishi pembeni ili ujue kama ulichokiona kimetoka juu au kimetoka kwako. Nywele amekata. Akifika kwenye sehemu ya simu mwezini sauti humpungua kidogo, na wanafunzi hudhani amechoka.

Kinyozi alipojua, hakucheka. Aliuliza tu kama mashine ya kunyolea inaumiza masikio, na akaipunguza kasi. Jina la Masikio watu waliliacha lenyewe, kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko mzaha ambao aliuogopa.

Wakati mmoja, ukumbi ukiwa mtupu, mlinzi aliingia. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Alizunguka akitazama picha za ukutani, kofia mkononi, hadi zikaisha.

"Mama mkwe wangu hasikii," alisema. "Tumemnunulia vitu kama hivyo vyako. Amevitupa chini ya kitanda. Anasema watu watamwona kizee."

"Ana umri gani?"

"Ni kizee!" mlinzi alisema, na wote wawili karibu wacheke, lakini hawakucheka. "Nataka uje uongee naye. Mimi hanisikii, na akinisikia hanisikilizi."

"Nitakuja. Nimwambie nini?"

Mlinzi alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Mwambie yote yaliyokupata kwa kuficha," alisema. "Na ya kwangu umwambie. Mimi nitakuwa nimekaa hapohapo nakusikiliza."

Masikio alifunga ukumbi mapema, wakaondoka pamoja, mlinzi ametangulia kidogo.